Manyoya ya Tumboni

Marahaba, Salma mjukuu wangu. Sisi wazima, na babu yako bado anagombana na redio.

Umeniuliza makinda wa kware watolewe lini nje, kwenye banda la wakubwa. Mimi usichanani niliwatoa mara tu nilipoona migongo imejaa manyoya. Ikanyesha, wakatetemeka, nikawarudisha ndani kwa kanga ya mama ya kuendea harusini. Mama akampindua mmoja, tumboni hana hata unyoya.

"Umetazama mgongo tu," akasema.

Wiki ile ile babu yako akaja kuposa peke yake, bila wazee, kanzu imenyooka kwa pasi. Mama akamnywesha kahawa, kisha akaninong'oneza, "Huyu naye mgongo tu." Akamrudisha kwao akomae mwaka mzima.

Basi kware wapindue kwanza. Babu yako sikuweza kumpindua, na mpaka leo nnamchungulia.

Bibi yako, Amani