Kibali cha Pongo Mmoja

Marahaba, mjukuu wangu Baraka. Hapa Mfaranyaki tu wazima, na dada yako Neema ndiye anayeniandikia barua hii. Umeuliza kama mtu akilipia kibali cha kuwinda amekwisha kununua mnyama.

Nilipokuwa kijana kule Mpitimbi, afisa wanyamapori aligawa vibali kulingana na wanyama waliokuwepo. Nililipia cha pongo mmoja, yule swala wa vichakani, dume, kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Siku ya mwisho ya msimu, harusi ikiwa kesho yake, nilikwenda porini na mjomba. Akatokea pongo karibu kabisa, hana pembe. Alikuwa jike.

"Piga wewe! Akiingia sufuriani nani atamkagua pembe?"

"Kibali kinasema dume, mjomba."

"Basi wageni watafune hicho kibali!"

Nilishusha bunduki. Wageni walikula ugali kwa maharage, na mjomba hakunisemesha. Dada aliniita pembeni.

"Nasikia ulimwona ukamwacha?"

"Alikuwa jike, dada."

Akanimegea ugali wake.

Nililipia ruhusa ya kumtafuta dume, Baraka. Dume hakutokea.

Babu yako anayekuombea.