Nyeupe au Buluu Mbele ya Kitanda cha Mjukuu

Mshauri, nisaidie, na usinikatize mpaka nimalize. Shule niliiacha darasa la pili lakini akili ninazo, na nyumba hii nimeijenga kwa kuuza mkaa, sikupewa na mtu. Mjukuu wangu, fundi cherehani, niliyemlea tangu mama yake afe, amerudishwa nyumbani, madaktari wamesema hawana la kufanya tena, basi nikaita fundi rangi maana kuta za chumba chake zilikuwa zimebambuka, akapaka viraka viwili mbele ya kitanda tulinganishe, kimoja cheupe, kimoja buluu iliyokoza, na mjukuu akataka buluu. Nikamwambia buluu inameza mwanga, chumba kitakuwa pango, nyeupe ni safi, watu wakija wataona tumejitunza. Akasema, "Bibi, nyeupe nimeitazama wodini mpaka basi." Nikamjibu mgonjwa hachagui, na aliposinzia nikashika brashi mwenyewe nikakifunika kile kiraka, fundi akamalizia kuta zote nyeupe huku kanuna kama kafiwa yeye. Sasa buluu inachungulia chini ya nyeupe na mjukuu hatazami kingine, uji anausukuma, na ule utani wetu wa kuitana mke mwenza umekwisha, ananijibu kwa kichwa. Niongeze mkono wa pili wa nyeupe, au nishindwe na mtoto ndani ya nyumba yangu?

Bibi Mwenye Nyumba

Bibi, pole sana, lakini sitakubembeleza. Umeandika "watu wakija." Watu gani? Hapo hakuna harusi. Umekipaka chumba kwa ajili ya msiba na mwenyewe bado anapumua ndani yake, naye amekuelewa kabla wewe hujajielewa. Ulishamzika mama yake, najua unavyoogopa, ila kujiandaa mapema hakutakupunguzia uchungu hata kidogo. Unasema mgonjwa hachagui. Kwani amebakiwa na nini kingine cha kuchagua?

Weka brashi chini. Mwite fundi leo, umwombe radhi na yeye. Mjukuu alale sebuleni mpaka harufu iishe, madirisha yawe wazi, na buluu ianzie ukuta wa mbele ya kitanda, muda usipotosha hizo kuta nyingine zibaki zilivyo. Kisha mwambie umekosea. Umwambie ukiwa umeketi karibu naye, si umesimama mlangoni, na akinyamaza usimdai jibu.