Mkazo Kwenye Silabi ya Nne

Jumatatu, 3 Juni

Wamempigisha Baba makofi kama mtoto wa chekechea. Re – kofi. Spon – kofi. Kofi lenyewe la mkono mmoja, juu ya paja, maana wa kulia haujaamka tangu kiharusi. Mwalimu mzima wa Kiingereza!

Dada wa tiba ya usemi anasema neno kalichagua mgonjwa mwenyewe. Responsibility. Ndilo alilofungulia kila darasa jipya: silabi sita, mkazo kwenye ya nne. Sasa ulimi wake unauangusha kwenye ya tano, kwa mazoea ya Kiswahili. Wanafunzi wake walisimamishwa ukutani kwa kosa hilo.

Alipokwama nikamsaidia kumalizia. Yule dada akanigeukia: eti nimemnyang'anya neno. Mimi!

Jumatano, 5 Juni

Mkuu wa shule kapiga simu. Atakuja Ijumaa kumjulia hali. Mama alipombana akakiri: bodi inataka kujua kama Baba ataweza kusimama darasani, la sivyo wanamstaafisha. Basi ni mtihani uliovishwa nguo za salamu.

Baba mdogo naye: "Kaka, sema 'wajibu' tu. Silabi tatu, unakwenda zako kulala." Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 6 Juni

Leo kafika mwisho wa neno. Si vizuri, lakini kafika. Aliporudia nikamdakia tena, bila kukusudia. Akapiga meza, chai ikamwagika. Jicho alilonitolea ni lile la darasani.

Ijumaa, 7 Juni

Mkuu yuko sebuleni, na tai yake. Anaongea na Baba kwa sauti ya juu, polepole, kana kwamba kilichopooza ni masikio. Akamuuliza Mama, "Anakula vizuri?" – na Baba yuko palepale, magoti yanakaribia kugusana! Nikamwambia amuulize mwenyewe. Baba akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni. Aliyefukuzwa ni mimi.

Niko jikoni, naandika kando ya sinki. Mlango hawakuufunga.

Mkuu: "Usijisumbue, Mwalimu. Pumzika."

Kofi, juu ya paja. Re. Spon. Si.

Bi – zito, mahali pake kabisa.

Zimebaki silabi mbili. Mkuu anakohoa, anasafisha koo, atamalizia yeye, najua atamalizia. Nimeng'ata kitambaa cha vyombo nisilitamke mimi