Mshika Foleni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na tena umeshiba, maana nakujua: barua yangu ukiisoma na njaa unaisoma kwa hasira. Wifi anaendeleaje na mgongo wake? Na yule mwanao wa mwisho, ameshaacha kula chaki? Sisi huku hatujambo. Baba alikuwa na kikohozi kidogo kilichokuja na baridi, lakini kinaondoka.

Ningeweza kukupigia, ila kwenye simu wewe huzungumzi, unahutubia. Karatasi huwezi kuikatiza. Basi kaa chini unisikilize mpaka mwisho.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema tangu nipunguzwe kazi kwenye karakana ya sare sina kipato cha kueleweka, kwamba mgonjwa wa kiharusi hatunzwi kwa vibarua vya kuokoteza, na kwamba Ijumaa hii unakuja na gari kumchukua Baba akakae kwako. Umesema umeshamtengea chumba na umempata msichana wa kumwangalia. Nakushukuru, najua unasema kwa mapenzi. Lakini jibu langu ni hapana, na nataka ujue hapana hii imetoka wapi.

Miezi minne iliyopita, nilipobaki bila kazi, nilikaa mezani nikajiuliza kwanza saa zangu ni zipi, kabla hata sijafikiria kazi. Baba anaamka saa kumi na mbili. Mpaka aoge, avae, anywe chai na dawa, imeshafika saa mbili. Saa sita na nusu lazima ale, kisha alale. Kwa hiyo mwenye kunitaka ilibidi anitake kati ya saa mbili na saa sita, au aniletee kazi nyumbani.

Nilianza na mwenye duka la kona, kwa sababu hakuna jambo la mtaa huu lisilopita kwenye kaunta yake. Nikamwambia natafuta kazi yoyote. Akacheka, akasema wanaotafuta kazi yoyote wameshapita saba tangu asubuhi, na yeye hawezi kumkumbuka mtu wa kazi yoyote. Nimwambie najua nini na napatikana lini. Akanipa kipande cha boksi la sabuni na kalamu ya wino mzito. Nikaandika: kupiga pasi, kupandisha pindo, saa mbili hadi saa sita. Nafasi ikabaki chini, na mimi nafasi tupu hunikera, basi nikaongeza: na kushika foleni. Kaka, niliandika kujaza boksi tu.

Pasi ndiyo iliyotangulia. Kuna muuguzi amehamia chini yetu, anafanya zamu za usiku. Tulikubaliana nimpigie pasi sare zake, naye asubuhi anapopumzika aache mlango wake wazi, amsikilizie Baba nikitoka. Halafu akaja mwalimu wa udereva na mashati yake. Kwa tamaa nikachukua na mapazia ya mama wa duka la dawa, yote asubuhi moja. Mshika mbili moja humponyoka, mimi nilishika tatu. Mwalimu wa udereva alifungua furushi lake mbele ya wanafunzi akakuta magauni meupe ya muuguzi. Alirudi amenuna, lakini alirudi, na tangu hapo kila furushi nalifunga kwa uzi wa rangi yake.

Kushika foleni kulikuja kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alisoma boksi langu akauliza kama ni utani. Leseni yake ya biashara ilikuwa imekwisha muda, na kila akienda ofisi ya leseni anapoteza siku nzima kwenye benchi huku wateja wake wanahamia kwingine. Nikamwambia si utani hata kidogo. Kesho yake saa mbili nilikuwa nimekaa kwenye benchi badala yake, na suruali ya mtu mapajani napandisha pindo kwa mkono. Walipobaki watu watatu mbele yangu nikampigia simu, akaja mbio na miwani yake ya kazi utosini. Fundi akamwambia msusi, msusi akamwambia mwoka mikate, na wiki ya pili nilikuwa na foleni ya watu wanaosubiri niwashikie foleni.

Sasa nakuja kwa Baba. Jumanne moja muuguzi alibadilishiwa zamu akapewa ya mchana, nami nilikuwa nimeshamwahidi mwoka mikate. Nikamvalisha Baba, nikamshika mkono, tukashuka ngazi moja moja, tukaenda wote. Nikamkalisha pembeni yangu. Nikainama kidogo tu kutunga uzi kwenye sindano, kuinua macho Baba hayupo.

Alikuwa mwanzo wa benchi, fimbo kwapani, anakusanya fomu za watu. Unamjua mwenyewe: miaka thelathini na moja ya utarishi. Aliona makaratasi yamekaa tu mapajani mwa watu, na kwake karatasi iliyokaa ni karatasi iliyopotea. Watu walidhani ni mfanyakazi wa pale, wakampa. Mlinzi naye akadhani hivyo hivyo, akampisha kwenye mlango wa wafanyakazi. Kwa alivyojinyoosha siku ile, hata mimi ningempisha. Nilikimbia nyuma yake na sindano mkononi, naomba radhi kila hatua.

Msimamizi wa ofisi alitoka na lile fungu la karatasi, akauliza kwa sauti ni nani aliyezipanga. Nikajua hapa tunatimuliwa. Kumbe Baba alikuwa amezichambua: zilizokamilika juu, zisizo na picha katikati, zisizo na sahihi chini, kila fungu limekunjwa pembe. Na Baba, ambaye tangu augue maneno yanamtoka moja moja, alimwambia kwamba mtu asiye na picha asikalishwe mpaka saa sita ndipo aambiwe arudi kesho. Benchi zima likaitikia. Msimamizi akacheka, akasema mlango ule asipite tena, lakini mzee akitaka kukaa pale kwenye veranda akague fomu za watu kabla hawajapanga mstari, atakuwa amempunguzia yeye kelele za siku nzima.

Tangu siku ile tunaenda wote, siku tatu kwa wiki. Mimi nashika foleni, yeye anakagua. Watu wamempa jina, wanamwita Mzee Mhuri. Aliyekosa picha anamwelekeza, asiyejua kuandika namwandikia mimi. Mwenye nacho anatupa chochote, asiye nacho anakwenda na shukrani zake. Kodi ya mwezi huu nimelipa.

Sikudanganyi kwamba Baba amepona. Mkono wa kulia bado haushiki, na jioni anachoka mpaka kijiko kinamshinda. Lakini siku za kazi ni yeye anayeniamsha mimi. Ananidai nimnyoe ndevu. Juzi alinigombeza kwa kuchelewa dakika tano, nami nilifurahi kugombezwa mpaka machozi yakanitoka, nikajifanya natafuta viatu chini ya kitanda.

Ningeweza kuishia hapa, ukaniona hodari. Lakini njia ya mwongo ni fupi, nami sitaki kubaki na Baba kwa uongo. Kaka, sikupunguzwa kazi. Niliacha mwenyewe. Ile kazi uliyoniombea kwa mnyapara, ukamsubiri getini siku mbili, niliiacha bila hata kuaga.

Baba alipougua, karakana ilikuwa inanitaka tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Muuguzi alikuwa bado hajahamia, na nilihofia Baba atashuka ngazi peke yake aanguke. Kwa hiyo nilikuwa namfungia. Naandika tena, usije ukadhani umesoma vibaya: nilikuwa namfungia baba yetu ndani, kwa ufunguo, kwa nje, kila siku ya kazi, kwa miezi miwili. Namwekea chupa ya chai na sahani iliyofunikwa, nageuza ufunguo, nakwenda kushona sare. Jioni ukipiga simu nakuambia ameshinda vizuri. Nilikuwa sijui ameshindaje.

Siku moja nilirudi, nikafungua kufuli, mlango ukakataa kusukumika. Baba alikuwa ameanguka nyuma ya mlango. Alilala pale tangu asubuhi, akigonga kwa mkono wa kushoto mpaka vifundo vya vidole vikachubuka, na majirani wote wako makazini. Alikuwa amejikojolea. Nilipofanikiwa kujipenyeza ndani, neno la kwanza lililomtoka, kwa shida, lilikuwa la kuniomba radhi kwa kuchafua sakafu. Kuniomba radhi mimi! Nililia kuliko nilivyolia msiba wa Mama. Kesho yake sikwenda karakana, na sitakwenda tena mahali popote panaponitaka nimgeuzie Baba ufunguo.

Yeye hajakwambia, wala hatakwambia, kwa kuwa ananisitiri. Nakuambia mimi kwa sababu ukubwa ni jalala, na kwa sababu una haki ya kunikasirikia. Kasirika. Ukitaka kunisema, njoo unisemee uso kwa uso, nitainamisha kichwa nisikilize. Lakini usimchukue ukamweke kwako ghorofa ya tatu na msichana asiyemjua, ambaye wiki ya kwanza tu ataziogopa ngazi kama nilivyoziogopa mimi, na ufunguo atauona pale pale ukutani. Muulize Baba mwenyewe anataka kukaa wapi. Mpe muda; maneno yake yanachelewa, lakini yanafika. Akisema anakwenda nawe, nitamfungashia nguo kwa mikono yangu, nami sitakulaumu.

Mfikishie wifi salamu, mwambie ile shali yake nimeshaizungushia pindo. Watoto wavutie masikio kwa niaba ya shangazi yao. Baba anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia nini.

Ijumaa njoo, karibu sana. Ofisi ya leseni unaijua, ni ile iliyotazamana na posta, nasi tunakaa upande wa kushoto wa veranda. Lakini kama utapitia nyumbani kwanza, utakuta mlango umefungwa. Usigonge, na moyo usikudunde: ndani hamna mtu. Tuko kazini, wote wawili.

Ni mimi,
Mdogo wako mkaidi