Makofi Sebuleni kwa Mama Mariamu

Jumapili, 5 Julai 1998
Sebule ya Mzee Hatibu, mwenye duka, imejaa mpaka mlangoni! Kisa ni ule mchezo wa kwenye TV. Mimi mpangaji wake wa chumba cha uani, kwa hiyo stuli sikosi. Leo Mheshimiwa, yule mwanasiasa wa kwenye mchezo, kawatetea wafanyakazi waliofukuzwa kiwandani. Bura akalia kabisa – dereva wa kombaini ya kuvunia, shamba la ngano limempunguza kazi mavuno yakiwa mlangoni. Barua yake ya kupunguzwa niliichapa mimi, karani wa shamba. Anajua.

Jumapili, 12 Julai
Mheshimiwa amegeuka. Au alikuwa hivyo tangu mwanzo? Jukwaani anasema shida zote zimeletwa na wenye maduka, wageni – anawaita nzige. Anavyoigiza! Sebule nzima makofi. Na mimi nikapiga. Mama Mariamu, mke wa Mzee, alikuwa ameinama ananimiminia chai. Hakumwaga hata tone. Kasema tu, Philomena, sukari ongeza mwenyewe.
Mzee Hatibu kazaliwa hapahapa Katesh. Baba yake ndiye aliyetoka Kondoa. Mimi nimeshuka juzi tu kutoka kijijini Tumati! Sasa mgeni nani?
Chai niliinywa yote.

Jumatano, 15 Julai
Nilikuwa dukani kwa Mzee nanunua kiberiti. Bura akaingia. "Mzee Nzige, shikamoo!"
Watu wakacheka.
"Marahaba," Mzee akaitikia, taratibu, kama kawaida.
Bura akanigeukia, akanikazia macho. Nikacheka. Kicheko kidogo, cha puani – lakini Mzee alisikia. Niliogopa Bura asije akaitaja ile barua mbele ya watu. Basi. Hakuna sababu nyingine. Aibu tupu.

Jumapili, 19 Julai
Nilidhani leo mlango hautafunguliwa. Umefunguliwa. Mama Mariamu kasema, tukifunga watasemaje?
Kwenye mchezo, watu wa Mheshimiwa wamechoma duka. Mwenye duka akiwa ndani. Imakulata, yule muuza vitunguu, akasema sasa huyu kazidi. Mara nyuma mtu akapiga makofi. Mmoja! Halafu watatu, wanne. Sikugeuka kutazama. Mikono nimeikalia.
Mzee akasimama, akazima TV. Akawaomba radhi, akasema leo basi. Yeye ndiye aliyeomba radhi!
Wametoka ila hawajaondoka. Wako mbele ya duka, wanapiga kelele awashe. Namsikia Bura.
Nimekimbilia chumbani. Ndio naandika.

Mama Mariamu amegonga. Kamshika Mariamu mkono, na kimfuko cha nguo.
"Akae kwako, mdogo wangu. Kwako hawatagusa. Wewe ni mwenzao."
Hakusema kwa ubaya! Bora angenitukana. Nimeitikia tu, nikiangalia chini, akarudi kwa mume wake.
Mtoto kakaa kitandani kwangu, hajavua viatu. Ananiuliza kwa nini siendi kuwaambia waende kwao, si ni rafiki zangu?
Nimemwambia ngoja nimalize kuandika.
Bati la duka limepigwa jiwe. Lingine tena. Sasa Bura anaita – ananiita mimi, kwa jina. Philomena, toka huko, njoo huku kwetu!
Mariamu ananitazama.