Mama Aliyekufa Katika Filamu ya Kwanza

Bi Waithera mpendwa,

Sijazoea kuomba msaada, nimezoea kuombwa. Nina shahada ya fasihi niliyoisomea Bungoma, nimesoma vitabu ambavyo baadhi ya wahadhiri wangu walivijua kwa jalada tu, na hapa Kitale ninakofundisha, vijana wananiita Hoja kwa kuwa hawajaona mjadala ukinishinda, lakini leo naiandikia safu yako ya ushauri nikiwa nimeshinda mjadala mmoja na kupoteza kila kitu, wala sioni pa kushika.

Utanivumilia nikianza na filamu, maana balaa lilianzia humo. Upo mfululizo wa filamu za shujaa aitwaye Kimondo, kijana anayeruka angani na kuzima moto kwa viganja vyake, na waandishi wake ni wazembe kupindukia: gereza linaloteketea katika filamu ya pili lina wafungwa katika ya nne, adui anazeeka kisha anarudi ujanani bila maelezo, na mzee mmoja anajisifia vita vilivyokwisha kabla hajazaliwa. Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la mama. Mamake Kimondo anasombwa na mafuriko katika filamu ya kwanza, mtoto akiwa bado na mapengo ya meno. Katika filamu ya tatu, Kimondo aliyekwisha kuvunja sauti anafundishwa kuogelea na mama yuyo huyo, sura ile ile, jina lile lile. Niliandika makala mtandaoni kuhusu kosa hilo, na wasomaji wengi walinipongeza.

Nabwile, mchumba wangu, ambaye tulijuana chuoni kwa kubishana juu ya filamu hizo hizo, hakunipongeza. Tulipoitazama ile ya tatu pamoja alilia mahali pale pa kuogelea, nami nikamweleza kwamba analilia uzembe wa mwandishi.

"Si labda ni mama yake mdogo?" akasema.

"Mwigizaji ni yule yule."

"Sasa? Dada hawafanani?"

"Na jina je?"

"Wewe bana! Mwenye analea mtoto ndiye anaitwa Mama Fulani. Jina linahamia kwake."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba hoja hiyo haina ushahidi wowote katika matini, naye akaifunga kompyuta, akaenda kuosha vyombo.

Sasa, Bi Waithera, mtu aliyefunzwa kusoma hawezi kulipofusha jicho lake. Nabwile aliwahi kuniambia kwamba mamake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Baadaye akawa ananisimulia jinsi mama alivyomsuka nywele asubuhi ya mtihani wa darasa la nane, jinsi mama alivyogombana na ukoo mzima ili yeye aende sekondari, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akimpigia mama simu. Nilikisia kwamba huyo ni mlezi, lakini hakuna aliyenithibitishia, nikalihifadhi pengo hilo akilini nikingoja siku lielezwe.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwao Bungoma tulitoka kwetu Kachibora, baba yangu, wazee wawili nami, tukapokelewa kwa heshima, kuku na ugali wa wimbi, na baada ya kula mjomba wake, Mzee Wekoye, akasimama kutaja jamaa mmoja mmoja, akamfikia mama aliyejifunga kitambaa cha buluu kichwani na kuketi mbele kabisa, akasema, "Na huyu ni dada yangu Roselyne. Huyu ndiye alizaa Nabwile. Mkitaka kujua msichana ni wa aina gani, angalieni huyu."

Nikainua mkono. Sikukusudia ubaya, niliamini kwamba ndoa haifai kusimama juu ya hitilafu. Nikasema, "Mzee, samahani, hapo kuna tatizo la mfuatano wa wakati. Aliyemzaa Nabwile alifariki Nabwile akiwa darasa la pili. Huyu kwa hakika ni mama mdogo."

Baba alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimekwisha kusema. Mzee Wekoye akaniuliza kwa upole ambao ungali unaniunguza, "Kijana, unataka tumfukue yule mwingine ndio aje asalimie wageni?" Mama Roselyne akainuka, akachukua birika lililokuwa bado limejaa chai, akaenda nalo jikoni, wala hakurudi hadi tulipoondoka.

Nabwile alinifuata langoni. "Ulikuja kunioa ama kunihariri?" akaniuliza, nami nikaanza kumjibu, akaninyamazisha kwa mkono. "Nilizika mama nikiwa mtoto. Leo umenizikia wa pili akiwa ameketi hapo."

Nikamwandikia ujumbe mrefu, wenye mpangilio mzuri, nikimfafanulia tofauti kati ya kuzaa na kulea na kumpa mfano wa mamake Kimondo. Hakujibu. Binamu yake, Viola, ndiye aliyeniambia yaliyofuata: ati siku hizi wageni wakija Mama Roselyne haketi nao, hupitisha chakula na kurudi jikoni, na akiulizwa yeye ni nani hujibu, "Mimi ni mama mdogo tu." Hata kanisani mwenzake alipomwita Mama Nabwile, alisema jina hilo si lake.

Silali. Mhubiri akisimulia habari za Abrahamu najikuta namvizia akosee miaka, kisha naona haya. Najua nilisema kweli, na mpaka leo hakuna aliyenionyesha neno moja la uongo katika niliyosema. Mbona basi kweli hiyo imenifanyia hivi? Nifanye nini ili Nabwile arudi?

Hoja, Kitale

*

Ndugu Hoja,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikukasirikia, na huruma haikuisha, kwa hivyo nisikilize.

Tuanze na ukweli, kwa kuwa unaupenda kuliko unavyompenda Nabwile. Kuhusu filamu, sina ubishi. Waandishi wale walisahau ni nani aliyekufa, wazomee utakavyo. Mzee Wekoye hakusahau. Yule marehemu alikuwa dada yake, na bila shaka alisimama kando ya kaburi. Unadhani mtu kama huyo anahitaji mgeni kutoka Kachibora amkumbushe? Aliposema "alizaa", alikuwa anampa Roselyne cheo mbele ya wakwe, katika siku ambayo mlezi huingoja miaka yote na ambayo kwa Nabwile huja mara moja. Naye alikuwa ameketi mbele, amejifunga kitambaa chake, akikipokea. Ukamvua hadharani, ukatanguliza na "samahani".

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Umesomea fasihi, bwana. Methali hiyo uliipitia ukitafuta nini?

Na usinidanganye kwamba hakuna aliyekueleza. Nabwile alikueleza mbele ya kompyuta ile, kwa maneno mepesi, huku analia. Ulimjibu kwamba hana ushahidi. Ushahidi ulikuwa yeye.

Unauliza namna ya kumrudisha. Sijui. Huenda hatarudi, na sitakupa matumaini ya bure ili upate usingizi. Lakini kuna kitu kikubwa kuliko uchumba wako kilichovunjika, nawe umekitaja huko mwishoni kana kwamba ni habari za jirani: kuna mama Bungoma amelikataa jina lake. Ulimnyang'anya wewe. Nenda ukalirudishe.

Kwanza, acha kuandika. Hakuna ujumbe mwingine, wala wa kuomba radhi. Wewe ukishika kalamu unajitetea. Pili, hukosi mama mdogo huko kwenu. Mwendee, umwambie ulichofanya bila kutumia neno "hitilafu", umwombe akupeleke Bungoma. Mwache baba yako. Ameaibika vya kutosha. Mkifika, yeye ataingia jikoni, wewe ungoje nje. Mvua ikinyesha, ikunyeshee. Usiulize kama Nabwile yupo. Usimtaje Kimondo.

Ukiitwa, ingia, msalimu Mama Roselyne kwa mikono miwili, useme, "Mama, nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Naomba ruhusa niseme mbele ya watu hao hao kwamba nilikosa." Kisha nyamaza, ingawa najua kwako hiyo ni kazi kuliko kulima ekari. Akikwambia, "Mimi ni mama mdogo tu," hapo, na hapo peke yake, nakuruhusu kubishana na mtu mzima.

Akikataa, mshukuru kwa muda wake, uondoke. Akikubali, mwombe Mzee Wekoye awaite waliokuwapo, wazee wa kwenu na wa kwao. Simama umtaje Roselyne kuwa mama aliyemzaa Nabwile, bila maelezo na bila tanbihi. Usimtazame Nabwile kuona kama amefurahi. Hukwenda kwa ajili hiyo. Ngoja mpaka mama yule aketi na wageni tena. Kisha uwaage, urudi Kitale, hata ukirudi peke yako.

Bi Waithera