Uzi wa Kahawia kwenye Koti Jeusi

Jumatatu, 3 Machi

Koti limerudi! Lile jeusi lililookotwa ghalani baada ya mlinzi kupigwa nondo na mwizi. Kwenye kola sisi wa maabara tulikuta vinasaba vya mpaka rangi mmoja, na kwa kola hiyo tu yuko rumande mwaka wa pili. Mwenyewe hakatai, koti ni lake. Ila anasema siku ya wizi lilikuwa kwa fundi cherehani, linabadilishwa zipu. Alipolifuata akaambiwa limeshachukuliwa. Fundi gani? Alikuwa mgeni mjini, anakumbuka mtaa tu. Askari wakaupita mtaa mzima, kila fundi akakana. Basi, akaonekana mwongo.

Sasa wakili wake mpya anataka tupime na zipu. Bosi kaguna, eti kesho ataomba tupime vifungo. Mimi nimeipokea kazi kwa mikono miwili. Kola inasema nani alilivaa. Haisemi nani alilivaa mwisho! Jambo hilo limekuwa likiniwasha siku zote.

Jumanne, 4 Machi

Zipu imebadilishwa kweli. Na kwa uzi wa kahawia juu ya kitambaa cheusi — fundi gani huyu haoni? Nimecheka peke yangu ndani ya barakoa. Nimefumua mshono polepole, nikakata ncha za uzi, nikaziweka kwenye vichupa. Mtu akishona zipu anaacha nini? Jasho la vidole? Tutaona.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanamume! Na si mpaka rangi.

Nilitaka kurukaruka. Halafu nikazitazama namba za vinasaba hivyo tena. Mbona kama nazijua?

Sisi wote wa maabara tumetoa mate yetu, vipimo vimehifadhiwa, ili mtu akichafua sampuli ajulikane mara moja. Nikakiweka kipimo changu kando ya hiki, nilinganishe. Nusu yangu imo. Mstari wa kwanza nusu, wa pili nusu, mpaka chini.

Bosi kachungulia, kauliza kama nimepiga chafya humo. Nikacheka naye. Lakini chafya yangu ingenionyesha mimi mzima, tena mwanamke. Nusu kila mahali ni mzazi au mtoto. Na mtoto sina.

Nimerudia kwa ncha nyingine ya uzi. Ni yule yule.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepitia kibandani kwa baba baada ya kazi. Mama Kwa Nini huyo, akawatangazia wateja — jina alilonipa tangu naanza kuongea. Nikakaa kwenye kigoda, nikamtazama anavyoshona.

Akimaliza mshono anainama, anakata uzi kwa meno. Kt! Kabla ya kutunga sindano anaulamba uzi kwanza. Maisha yangu yote naliona hili. Leo ndiyo mara ya kwanza kulitazama.

Nikamuuliza, kama mzaha, mbona hatumii mkasi. Mkasi hupotea, akasema, meno yapo palepale. Wateja wakacheka. Nikamwambia mate hubaki kwenye uzi hata miaka, na sisi tunayasoma. Yeye hakucheka.

Walipoondoka nikataja koti jeusi la kubadilisha zipu. Hakuuliza koti gani. Akasema yeye anashona tu, makoti hayakumbuki. Hayakumbuki! Mtu anayekumbuka pindo la sare yangu ya darasa la tatu.

Nimeshafika mlangoni, akaniita.

"Hivi fundi akimpa mteja nguo ya mwenzake, kwa kukosea tu, anafungwa?"

Nikamwambia hapana.

"Nauliza tu," akasema.

Jumapili, 9 Machi

Sijamwambia mtu. Nimefua shuka ambazo hazikuwa chafu.

Naogopa, bora niseme. Nikitoa matokeo watakwenda kwa baba na pamba za mdomoni na maswali yao. Waliosoma kola wakaona mwizi, watashindwa nini kusoma uzi na kumwona mwizi mwingine? Mate yake yanasema alishona, basi. Hayasemi alimpa nani koti, wala kwa nini alikana askari walipopita. Hayo yako kinywani mwake tu, na kinywa amekifunga.

Nikinyamaza, Jumatano mpaka rangi anahukumiwa. Alisema kweli tangu siku ya kwanza, na ninayejua ni mimi peke yangu. Hapana, ni sisi wawili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia bosi asubuhi, nikiwa nimesimama, nisije nikaghairi. Kavua miwani. Akaagiza nitoe mikono yangu kwenye faili hilo dakika ile ile. Mwenzangu atarudia vipimo vyote upya. Wakili na mwendesha mashtaka wote watapelekewa taarifa. Kesho askari watamfuata baba kuchukua mate. Na nisithubutu kumwonya, akasema. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, pole sana.

Jioni baba kaja na suruali ya mteja kuimalizia kwa cherehani ya hapa nyumbani. Nilikuwa jikoni. Mashine ikanyamaza, nikasubiri ile kt.

Nikasikia mkasi.

Nikachungulia. Mkasi mpya, kadi yake ya dukani bado inaning'inia upande mmoja. Roho iliniuma, jamani. Kumbe anajua kila kitu.

Kisha akaniita nimtungie sindano. Haijawahi kutokea! Nikashika uzi na, bila kufikiri, nikaulamba, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Akanitazama mdomo.

"Haya. Sasa na wewe umo."

Nikamuuliza: baba, lile koti ulimpa nani?

Aligeuzageuza mkasi. Akasema huyo mpaka rangi alimjia mara mbili kulidai, mara ya pili kwa kumbembeleza, na yeye akamfukuza kama mbwa. Nikamwambia Jumatano ndiyo hukumu. Ya kesho sikuyataja.

Akaniambia nilete kiti, nikae nimsikilize. Nimekuja kukifuata huku chumbani, na daftari hili lilikuwa juu yake.

Ananiita tena. Si Mama Kwa Nini — ananiita kwa jina langu.